Mchumba Ambaye Simu Yake Haipatikani

Siku ile ya posa pale Katy, karibu na Houston huku Texas, tulikuwa sita sebuleni, wa saba chumbani, na wa nane kazini. Nianze na upande wetu. Nilikuwapo mimi, bibi wa mposaji, mzaa mama. Alikuwapo binti yangu, ambaye ndiye mama wa kijana, nesi wa wazee kule Arlington tunakoishi sote watatu. Na alikuwapo mshenga wetu, mzee wa kanisa, Mkenya, jirani yetu wa mlango wa pili. Huyo si ndugu wa damu. Mjomba wa kijana yuko Korogwe na viza amenyimwa, kwa hiyo tukaazima mjomba hapa hapa.

Upande wa pili alikuwapo baba wa binti, mama wa binti, na shangazi wa binti, yaani dada mkubwa wa huyo baba, aliyekuja kutoka kwake Stafford akiwa amevaa kama anayekwenda kuapishwa. Binti mwenyewe alikuwa chumbani kama ilivyo desturi, ingawa mlango aliuacha wazi kidogo na sote tuliona vidole vya mguu wake.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na ya watoto wa shangazi kuanzia wa kwanza hadi kitinda mimba. Ningeyataja bila kusita. Lakini mjukuu wangu ameniomba nisiandike jina la mtu yeyote, wala la kampuni yake, na ukiishi nyumba moja na mtu wa kazi ile unazoea kuombwa mambo ya namna hiyo.

Anafanya kazi Fort Worth, kwenye kampuni kubwa ya kutengeneza ndege na vitu vya jeshi. Ni kubwa hasa. Kutoka alipoegesha gari mpaka anapokaa, anasema, viatu vinakwisha soli upande mmoja. Asubuhi anaondoka mimi bado nasali. Jioni akirudi, kabla hajafungua mlango wa gari anavua ile beji ya shingoni na kuitia mfukoni, maana wameambiwa wasitembee nayo madukani. Mara ya kwanza kumwona akivua nilimwambia binti yangu, mwanao anavua beji kama mume anayevua pete.

Nilipofika nchi hii nilimwuliza anatengeneza nini. Akasema, vitu, bibi. Vitu gani? Sehemu ya vitu. Nikamwambia nimepika tangu nikiwa msichana na sijawahi kumwambia mtu kwamba leo napika sehemu ya chakula. Akacheka. Ndiyo tabia yake, anacheka vizuri mpaka unasahau kwamba hujajibiwa.

Hata hivyo ukikaa na mtu utayajua mengi bila kuambiwa. Mimi nilidhani mtu anayetengeneza ndege za vita anashinda na moto na vyuma. Kumbe anashinda vikaoni. Kuna kikao cha asubuhi, kuna kikao cha kupanga kikao cha mchana. Kila mwaka wanarudia somo lile lile kwenye kompyuta, la kutozungumza na watu wasiowajua, na kila mwaka anafaulu, na kila mwaka analalamika. Zulia la ofisini ni kuukuu. Kahawa ni mbaya. Wanasema "programu" kama sisi tunavyosema ukoo: huyu katoka programu ile, sasa kaenda programu hii, na huko hawampendi. Mkataba ukikaribia mwisho nyumba yetu nzima inajua, maana mume wangu huyo anakula nusu sahani. Naam, namwita mume wangu. Ni mjukuu, nani mwingine nimwite hivyo. Siri zao wanazitunza sana. Siku moja tu alipasha dagaa kwenye mashine ya kupashia chakula, na suala lile nasikia halikuwa siri. Lilijulikana jengo zima na likaitiwa kikao.

Mara moja walialika familia. Nilivaa kitenge kipya na shali. Pamoja na grini kadi yangu walinichungulia sana pale langoni, kisha tukapelekwa kwenye ukumbi, tukaonyeshwa ndege iliyozungushiwa kamba, watoto wakapewa bofulo lenye soseji. Nikamwambia mjukuu wangu sikuja kuona ndege, nimekuja kuona anapokaa. Akasema haiwezekani. Nikamwambia basi nione hata mlango. Akaenda kuomba, akarudi, tukasindikizwa mpaka mwisho wa korido, na mlango nikauona kwa mbali. Mlango mzito, hauna dirisha. Lakini kando yake ukutani palikuwa na visanduku vingi vidogo vyenye funguo, kama masanduku ya posta kule nyumbani. Nikauliza ni barua za nani. Akasema ni simu zao, hakuna anayeruhusiwa kuingia na simu. Kila mtu anailaza humo asubuhi na kuiamsha jioni. Akanionyesha kisanduku chake. Nilifurahi kama niliyeonyeshwa kitanda cha kitukuu.

Ndani, aliniambia, kuna simu ya waya mezani. Namba yake alinipa mimi peke yangu, kwa sababu ya presha yangu, na akaniapisha: niipige nikizidiwa tu, au nyumba ikiungua.

Sasa posa. Huyo binti wa Katy walikutana kwenye harusi ya watu, Houston. Ni nesi kwenye hospitali kubwa, anakaa kwa wazazi. Kwa karibu mwaka mzima mume wangu alikuwa akishuka Houston mwisho wa wiki kama mwenye shamba huko. Kwetu mposaji haendi siku ya posa. Wazee ndio wanaosema kwa niaba yake. Na hata angetaka kwenda, Jumamosi ile aliitwa kazini, kuna kitu kilitakiwa kiwe tayari. Kitu gani sikuuliza. Nimeshajifunza.

Alituomba jambo moja tu. Wakiuliza kazi, tuseme ni injinia kwenye kampuni ya ndege, halafu tunyamaze. Binti yangu akakubali. Mshenga naye akakubali, ila alikubali haraka mno, na mimi mtu anayekubali haraka namtilia shaka.

Njia nzima kutoka Arlington aliendesha huku akijifunza hotuba yake kwa sauti. Tulipofika, tukakaribishwa, tukasali, ikaja juisi na sambusa za nyama ambazo, niseme haki, zilikuwa nzuri kuliko za binti yangu. Mshenga akasimama. Akasema tumepita mtaani, tumeona nyumba yenye nuru, tumebisha. Alisema vizuri mpaka mama wa binti akatabasamu. Kisha baba wa binti, mtu mpole, mhasibu, anayetumia nusu ya maisha yake barabarani kati ya Katy na ofisini, akauliza kwa sauti ya chini kijana anafanya kazi gani.

Binti yangu akasema ni injinia kwenye kampuni ya ndege. Akanyamaza, kama tulivyoagizwa. Mshenga wetu hawezi kuvumilia ukimya. Anauona kama sahani tupu mbele ya mgeni. Akaongeza kwamba ni mambo ya jeshi, mambo mazito, hata sisi wenyewe hatuyajui, na kwamba mtu wa kazi kama ile hata anavyotembea anaangaliwa. Alidhani anampamba kijana.

Mama wa binti akaweka sahani chini. Baba akauliza kama kijana ni mwanajeshi. Tukasema siyo. Akauliza kama basi ni mpelelezi. Binti yangu akasema siyo, lakini kwa haraka kiasi kwamba ilisikika kama ndiyo.

Baba wa binti akafikiri, kisha akauliza tena, na hapo hakuwa anatania: hivyo vitu wanavyotengeneza vinakwenda kumwangukia nani? Mshenga akatazama juisi yake. Nikajibu mimi, maana swali lile nami nilikuwa nimemwuliza mjukuu wangu siku moja tukichambua mchele. Nikamwambia baba kwamba hakunipa jibu. Alichosema ni kwamba analifikiria, na kwamba kuna siku analifikiria akiwa njiani hadi anapitiliza njia ya kutokea barabara kuu. Baba akaitikia kwa kichwa. Nadhani tungetunga jibu zuri asingelipokea.

Nikadhani tumevuka. Ndipo shangazi akavaa miwani.

Kumbe mama huyu alikuwa amefanya kazi yake ya nyumbani. Alichukua namba ya kijana kwa binti, na kwa muda akawa anampigia. Asubuhi, haipatikani. Mchana, haipatikani. Alasiri, haipatikani. Jioni ndipo kijana anapiga mwenyewe, shikamoo shangazi, nimeona ulinitafuta, samahani sana.

"Mwanamume asiyepatikana kutwa nzima," akasema shangazi, "halafu jioni anapatikana akiwa na adabu tele, huyo ana nyumba ndogo. Simsingizii. Mimi niliolewa na wa namna hiyo."

Hakuna aliyecheka. Upande wao walimjua huyo bwana, na upande wetu tulimwona usoni pa shangazi. Kusema kweli sikumkasirikia. Angekuwa mjukuu wangu wa kike ndiye anayeposwa na mtu wa simu kuzimwa kutwa, ningevaa miwani mapema zaidi. Ila kijana yule nilimlea mimi Korogwe mpaka alipoitwa na mama yake huku, na tangu aanze kumtaja binti huyu alikuwa anaimba akiosha vyombo. Nikaona tutarudi Arlington na posa yetu mkononi, na nani atakayemwambia?

Shangazi akasema jambo ni jepesi, tumpigie sasa hivi. Mshenga akapiga, akaweka spika. Yule mwanamke wa kwenye simu akatuambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mtu wetu hapatikani. Shangazi akafungua viganja vyake viwili kama aliyeletewa shahidi mahakamani bila kumlipia nauli.

Binti yangu akaeleza habari za visanduku. Shangazi akauliza nani ameviona. Nikasema nimeviona mimi, kwa macho haya. Akanigeukia kwa heshima zote.

"Bibi, simu umeiona inapolala. Mwenye simu, akishailaza, umemwona anakokwenda?"

Hapo nilicheka mwenyewe, nisingeweza kujizuia. Mlango hauna dirisha, ningemwona wapi?

Basi nikamwambia mshenga apige namba nitakayomtajia, na nikaitaja. Mimi karatasi sihitaji. Binti yangu akanishika mkono. Akaninong'oneza kwamba ile ni ya kuugua. Nikamwambia posa ikikataliwa nitaugua, sasa kwa nini tusubiri.

Simu ikawekwa mezani katikati ya sambusa. Ikapokewa na mwanamume, sauti nzito ya watu wa Texas, akasema haloo na basi, hakutaja jina la mahali wala la mtu. Kiingereza changu ni cha kununulia nyanya, lakini nilisema mimi ni bibi wa fulani na ninamtaka fulani. Akasema subiri mama. Nyuma yake tulikuwa tunasikia watu wanaongea, mtu anacheka, vidole vinagonga kompyuta. Yule bwana akapaza sauti kuwaambia neno. Nilielezwa baadaye kwamba ndivyo wanavyofanya: simu ya nje ikiwa wazi, mmoja anatangaza, na wote wanaacha kuzungumza mambo ya kazi mpaka ifungwe.

Sisi hatukujua. Tulichosikia ni chumba kizima cha Fort Worth kinanyamaza mara moja, kama darasa mwalimu mkuu anapoingia. Na chumba cha Katy kilikuwa kimeshanyamaza. Vyumba viwili vya watu wazima vikawa vinanisikiliza mimi.

Kisha miguu inakimbia.

"Bibi? Umeanguka? Nani yuko na wewe?"

Nikamwambia nimekaa. Hakunisikia. Alikuwa anamwambia mtu kwa Kiingereza kwamba ni bibi yake, anaondoka, funguo zake ziko wapi. Akarudi kwenye simu, sauti ile ile aliyokuwa nayo akiwa mdogo akiota ndoto mbaya.

"Nakuja, bibi. Ni mbali lakini nakuja. Usilale, sawa? Zungumza na mimi. Niambie chochote, nitukane."

Mimi, ambaye tangu afike umri wa kunyoa ndevu sijakosa la kumtania, sikupata neno. Binti yangu akainama juu ya simu akamwambia bibi yake ni mzima, hakuna aliyeanguka, ni hapa posani wanauliza uko wapi. Ninaamini hapo alikuwa anarudisha funguo mezani.

Akauliza tuko wangapi hapo. Nikasema sisi tu. Kwetu sisi tu inaweza kuwa hata arobaini, naye analijua hilo.

Shangazi akajisogeza. Kabla hajasema neno kijana akasema shikamoo shangazi. Sijui alimjuaje, labda kwa anavyovuta pumzi. Shangazi akaitikia marahaba, na sauti yake ilikuwa imelegea, nadhani kwa zile mbio za miguu. Lakini swali aliliuliza. Mwanangu, kutwa uko wapi na unafanya nini?

"Niko hapa, shangazi, na simu ya hapa ndiyo hii. Ninachofanya sitakwambia. Na samahani, hata binti yenu sitamwambia, tukioana mpaka tuzeeke. Kama hilo ni gumu kwenu, afadhali lisemwe leo."

Mshenga alijifunika uso. Unatengeneza maneno kutoka Arlington mpaka Katy, nyumba yenye nuru, tumebisha, halafu mwenye posa anaimaliza mwenyewe kwa pumzi moja. Baba wa binti akatazama sakafu. Nami nikajisemea, mume wangu, ungedanganya kidogo tu, ungesema unarekebisha viti vya marubani, tungekwenda nyumbani na mke.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Binti hakuwa ameitwa. Desturi ni kwamba baba anamwita, anamwuliza kama wageni hawa anawajua, naye anaangalia chini na kusema anawajua. Huyu alitoka mwenyewe, akapiga goti akatuamkia sote mmoja mmoja, taratibu, wakati simu imelala pale wazi na chumba cha Fort Worth kinangoja. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, nimefanya kazi wodini miaka hii yote. Nimewahi kukwambia mgonjwa wangu yupi anaumwa nini?"

Baba akasema hapana.

"Simu yangu inakaa kwenye kabati mpaka nimalize zamu. Nikitoka nimelia, hata mama hajui nimemlilia nani. Huyu wa kwenye simu hajawahi kuniuliza. Ananiuliza kama nimekula."

Mama wa binti akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. Binti akainama mezani, akaiambia simu arudi kazini, watazungumza jioni.

"Jioni ndipo anapopatikana," akasema shangazi.

Hapo ndipo tulipocheka, hata baba, na kwa upande wa pili nikasikia mjukuu wangu anacheka, na nyuma yake watu wengine wanacheka ambao Kiswahili hawajui hata salamu. Wazungu wale walikuwa wamesikiliza posa nzima kwa mdomo wazi. Baba akasimama akasema posa imepokelewa, mahari yatakuwa na siku yake, na siku hiyo mshenga atumie maneno machache zaidi. Shangazi akaongeza sharti lake: namba ile ya waya apewe na yeye. Kijana akaanza kumweleza kwamba ni ya dharura tu. Akakuta mtu ameshaiandika kwenye kitambaa cha karatasi cha sambusa.

Kazini mjukuu wangu aliitwa na mkubwa wake, yule yule mwenye sauti nzito. Alikwenda akidhani anakwenda kuonywa kwa habari ya bibi aliyeweka simu wazi na kusimamisha kazi ya watu. Mkubwa alimwonya kweli, maneno mawili, kisha akafunga mlango akamwuliza kama wamekubali. Alipoambiwa wamekubali, siku ya pili ikaja keki. Nasikia tangu hapo ile simu ya mezani huwa inalia mara moja moja mchana, wanapokea, mtu anavuta pumzi, anaridhika, anakata.

Harusi itakuwa Houston, na nguo tumeshachagua. Hivi ndivyo ninavyoikumbuka siku ile. Mshenga anasema hakutamka kwamba kijana anaangaliwa anavyotembea. Shangazi anasema hakupiga mara nyingi hivyo, na kwamba sambusa zilikuwa zake, si za wifi yake. Binti yangu anasema niliposikia ile sauti ya kijana nililia, na mimi sikumbuki kulia. Kama ulikuwapo, au umesimuliwa na aliyekuwapo, na unaona nimekosea mahali, niambie nisahihishe wakati bado ninaona vizuri kuandika.